WR250R inanirusha kama punda huku Menengai: ninunue shoki mpya ama kuna kitu sijui?

Nyati_wa_Kiamunyi (Nakuru)

Hamjambo wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka miwili, leo imenibidi nifungue mdomo.

Mwezi uliopita nilinunua Yamaha WR250R ya mwaka 2009 kutoka kwa jamaa aliyekuwa akihama nchi. Injini safi, cheni mpya, plastiki zina mikwaruzo ya kawaida. Kwenye lami kutoka Kiamunyi hadi mjini ni raha tupu. Shida inaanza nikiiacha lami.

Kule juu Menengai, kwenye njia ya mawe, nyuma inanirusha. Sisemi kuruka kidogo. Nagonga jiwe, kiti kinanipiga makalio, naangukia tangi. Nikishuka kuelekea Solai, ile changarawe iliyojikunja kama mabati, mikono inakufa ganzi ndani ya dakika kumi. Halafu ajabu ni kwamba nikitumbukia kwenye mtaro, pikipiki hiyohiyo iliyokuwa ngumu inazama mpaka mwisho na kugonga "kang!" Sasa ni ngumu au ni laini?

Fundi mmoja mjini amekata kauli kwamba shoki ya nyuma imekufa, niagize ya Öhlins. Nimeulizia bei mpaka ifike hapa: ng'ombe wawili wa maziwa, tena wale wanaokamuliwa sasa hivi. Kabla sijaongea na mama watoto naomba ushauri. Nina kilo 92. Nikivaa buti, helmeti na mkoba wa maji nafika 100.

Kwaheri_Lami (Eldoret)

Uza hiyo, chukua KTM 300 EXC. Mambo kwisha.

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Karibu, Nyati. Huyo wa Eldoret msamehe, kila ugonjwa kwake dawa ni hiyohiyo.

Shoki haifi kimyakimya. Ikifa utaona mafuta yanatiririka kwenye fimbo yake, au ukikandamiza kiti kinarudi juu kwa kasi na kuyumbayumba kama godoro la springi. Umeona hayo? Kama hujaona, weka pesa mfukoni kwanza unijibu haya:

Tairi zina upepo kiasi gani? Sagi yako ni milimita ngapi? Na zile kliki za skrubu za ribaundi (shoki inavyorudi juu) na kompresheni (inavyozama) ziko wapi ukihesabu kutoka kufungwa?

Nyati_wa_Kiamunyi

Mafuta hayavuji. Tairi nilijaziwa pale kwenye kituo cha petroli, kijana aliweka 35 mbele na nyuma, akasema ndiyo ya pikipiki. Kliki sijawahi kugusa, naogopa kuharibu. Sagi ni nini?

Dada_wa_Riat (Kisumu)

THELATHINI NA TANO! Kaka, ulikuwa umepanda mpira wa kikapu.

Nimecheka lakini nami nilipitia hapo. Vijana wa pampu wamezoea bodaboda na probox. Kwa njia ya mawe na tairi za vishikizo mimi nakaa 14 nyuma na 13 mbele, lakini nina kilo 58. Kwa uzito wako na tairi zenye tyubu anza na 16 au 17, la sivyo jiwe litabana tyubu kwenye rimu na utasukuma mpaka nyumbani. Tairi ndiyo inayokutana na jiwe kabla ya springi yoyote. Ikiwa ngumu, shoki ya ng'ombe wawili haitakusaidia.

Fundi_wa_Kibuye

Dada amenimalizia. Punguza upepo leo, urudi njia ileile, utashangaa. Lakini hiyo ni nusu tu, kwa sababu ule mlio wa "kang" tairi haiutibu.

Sasa sagi. Ni kiasi ambacho pikipiki inabonyea kwa uzito. Ziko mbili: inavyobonyea yenyewe ikisimama bila mtu, na inavyobonyea ukiwa umekaa juu na mavazi yako yote. Ya kwanza tuite sagi tupu, ya pili sagi ya mpanda. Watu wengi hupima ya pili peke yake, na hapo ndipo wanapopotea.

Unahitaji tepu ya kupimia na watu wawili. Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Chagua alama kwenye plastiki ya nyuma iliyo wima juu ya ekseli, ibandike kipande cha selotepu. Pima kutoka ekseli hadi alama, andika. Hicho ni kipimo cha kwanza. Ishushe chini, ikandamize kiti mara mbili tatu ili ijikalie, pima tena. Tofauti ndiyo sagi tupu. Halafu vaa kila kitu, mpaka buti na maji, panda, mtu mmoja ashike usukani, wewe simama kwenye vikanyagio, ruka kidogo, kisha kaa pole pole mahali unapokaa siku zote. Mwingine apime. Tofauti na kile cha kwanza ndiyo sagi ya mpanda.

WR250R ina mwendo wa milimita 270 mbele na 270 nyuma. Kanuni ya zamani ni kwamba nyuma ibonyee karibu theluthi moja ukiwa juu, yaani 90 hivi kwako. Ikibonyea mno, nyuma inakaa chini, mbele inaelea na haishiki kona, na hakuna mwendo uliobaki wa kumeza shimo. Ikibonyea kidogo mno, gurudumu haliwezi kushuka kufuata bonde dogo kati ya mawe, linapaa na kutua.

Usinunue chochote. Niletee namba tatu.

Mzee_XL (Molo)

Vijana mnapenda hesabu. Mimi nimeendesha Honda XL185 tangu 1984, kutoka Molo mpaka Londiani, Mau Summit, kila mahali, mvua na vumbi. Haina kliki. Haina sagi. Nyuma ina shoki mbili, mbele foko, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu, nikiona imelegea namimina oili ya injini namba 40 kwenye foko, inakuwa imara kama trekta.

Fundi_wa_Kibuye

Mzee wangu, shikamoo. XL yako ina sagi, ila hujawahi kuipima.

Hiyo oili naomba tuizungumze kwa heshima. Foko ya zamani kama yako inapitisha mafuta kwenye matundu ya kudumu. Ikienda polepole, mafuta yanapita bure, foko inazama ukishika breki. Jiwe likiipiga ghafla, mafuta hayawahi kupita, inakuwa kama bomba lililozibwa. Ukiweka namba 40, kuzama kunapungua, ndiyo, lakini lile pigo la ghafla ndilo linaingia lote kwenye viwiko vyako. Ndiyo maana inakuwa "imara kama trekta". Trekta halina foko.

Mafuta ya foko ya 10W au 15W yanafaa foko za aina hiyo. Ukikosa, hata yale mekundu ya gia otomatiki ni afadhali kuliko oili ya injini. Na kama unataka kuifanya ya kisasa bila kubadilisha foko, kuna vali zinazokaa juu ya ile fimbo ya ndani, wanaziita emuleta. Zinaziba kiasi foko ikienda polepole, na kufunguka pigo likija ghafla.

Jambo lingine ambalo mafundi wengi huchanganya: uzito wa mafuta na kimo cha mafuta ni vitu viwili. Uzito hubadilisha kasi ya foko kwenda na kurudi. Kimo hubadilisha ule upepo uliofungiwa juu ya mafuta, na upepo huo hukaza zaidi foko inapokaribia mwisho. Mtu akilalamika foko inagonga chini kwenye miruko tu, kwingine iko sawa, usimbadilishie mafuta. Mwongezee kimo milimita tano, apande, alete jibu.

Mzee_XL

Marahaba. Nimekusikia. Viwiko vyangu kweli vinauma, nilidhani ni umri.

Lakini msisahau hiyo shoki moja ya nyuma mnayojivunia ni ya zamani pia. Yamaha walimpa Håkan Andersson pikipiki yenye shoki moja, akachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi wa 250 mwaka 1973. Aliyeibuni alikuwa Mbelgiji, Lucien Tilkens. Nilikuwa nakata picha za motokrosi na kubandika ukutani bwenini. Mwalimu alizichana.

Nyati_wa_Kiamunyi

Nimerudi na namba. Shemeji yangu alishika usukani, mtoto alipima, majirani walikuja kutazama wakidhani nauza pikipiki.

Tairi kwanza: nimeshusha hadi 17. Wallahi ni pikipiki nyingine. Bado mikono inakufa ganzi kwenye changarawe, lakini kwenye mawe ya Menengai sirushwi tena vile.

Sagi tupu 36. Sagi ya mpanda 112. Fundi alisema 90, nikaona nimezidi, kwa hiyo nikalegeza ile nati ya juu ya shoki kwa patasi na nyundo (mnisamehe) nikakaza springi mizunguko mitano kamili. Nikapima upya: ya mpanda 92! Nimefaulu mtihani?

Kwaheri_Lami

Umefaulu. Hata mimi nimevutiwa.

Fundi_wa_Kibuye

Kuhusu nyundo nimejifanya sijasoma. Sagi tupu sasa ni ngapi?

Nyati_wa_Kiamunyi

Sikupima. Ngoja.

Ni 16.

Fundi_wa_Kibuye

Basi hujafaulu, lakini umetupa jibu zuri kuliko kufaulu. Springi yako ni laini mno kwa uzito wako.

Tope_la_Nyando (Ahero)

Fundi leo umeteleza. Sagi tupu 16 ni kidogo, inatakiwa 30 na kitu. Ikibonyea kidogo maana yake springi ni ngumu. Anahitaji springi laini ZAIDI. Mtoto wa darasa la nne ataliona hilo.

Fundi_wa_Kibuye

Ndugu yangu wa Ahero, wanaoangukia hapo ni wengi, usione haya. Ngoja nikupe suruali.

Mtu mnene ana suruali ya kiuno chake. Mtu mwembamba akivaa suruali hiyo, inaanguka. Anakaza mshipi mpaka tundu la mwisho. Suruali sasa haianguki, lakini imejaa mikunjo kiunoni, na bado si saizi yake.

Ile nati ndiyo mshipi. Ukikaza nati hubadilishi ugumu wa springi, unaibana tu kabla ya kazi kuanza. Angalia namba zake: kabla, 112 na 36, tofauti 76. Baada ya kukaza, 92 na 16, tofauti 76 ileile. Mizunguko mitano imeinua pikipiki nzima milimita 20, basi. Ile 76 ndiyo kiasi ambacho kilo 100 za Nyati zinaibonyeza springi hiyo, na hakuna nati duniani itakayoibadilisha.

Ili ya mpanda iwe 92 na tupu iwe 30 hivi, tofauti inatakiwa karibu na 62. Gawanya 76 kwa 62. Unapata springi ngumu zaidi kwa asilimia 20 na kidogo. Akiipata hiyo atalegeza nati, na sagi tupu itajirudia yenyewe.

Kwa hiyo: ya mpanda ikiwa sawa na tupu ikawa ndogo, springi ni laini, imekazwa mno ili ikushike. Ya mpanda ikiwa sawa na tupu ikawa kubwa mno, springi ni ngumu.

Tope_la_Nyando

Nimesoma mara tatu. Nimeelewa kwa mshipi. Narudisha maneno yangu, ila la darasa la nne liachwe hapo kama kumbukumbu.

Dada_wa_Riat

Na mimi ndiye yule ambaye suruali ilimkaa sawa bila mshipi. Nina Honda CRF250L. Fungua mapitio yoyote mtandaoni: laini, laini, laini, badilisha springi kabla hata hujaitoa dukani. Nikaingiwa na wasiwasi, karibu niagize. Kisha nikapima. Kwa kilo zangu 58 na mavazi, iko pale pale inapotakiwa. Waandishi wa yale mapitio wengi ni mibaba ya kilo 90. Foko yake haina kliki hata moja na bado napanda nayo mawe ya nyuma ya Riat bila kinyongo.

Ndiyo maana sipendi swali la "shoki gani nzuri". Nzuri kwa nani?

Boxer_Mumias (Mumias)

Wakuu, samahani kuingilia, mimi ni wa bodaboda. Boxer 150. Nabeba abiria wawili na wakati mwingine gunia la mahindi, barabara zetu zimechimbwa na matrekta ya miwa. Mafundi wa stejini wamenifunga mipira ya tyubu kwenye springi za nyuma. Ni sawa?

Fundi_wa_Kibuye

Karibu sana, wewe ndiye unayepanda kuliko sisi sote. Toa mipira. Inashika tope na mchanga unaosaga fimbo, na inabana springi isivyo sawa. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi. Ukiwa na mzigo panda ngazi za juu, ukiwa peke yako rudi za chini, na pande zote mbili ziwe ngazi moja, usije ukapindisha. Abiria wawili na gunia hatuna springi yake hapa, hiyo ni kesi ya trafiki.

Boxer_Mumias

😂😂 Asante fundi.

Nyati_wa_Kiamunyi

Nimeagiza springi, si shoki. Bei yake ni mbuzi, si ng'ombe. Nikisubiri, ile ganzi ya mikono ifanyweje? Foko?

Fundi_wa_Kibuye

Kabla ya foko, hesabu kliki za nyuma. Ribaundi kwa kawaida iko chini kabisa ya shoki, karibu na linki (vile vyuma vinavyoiunganisha na gurudumu la nyuma), skrubu ya bisibisi bapa. Zungusha kwa mwendo wa saa POLEPOLE ukihesabu "tik, tik" mpaka ikome. Usikaze kwa nguvu, kuna sindano ndani, ukiilazimisha unaumiza kikalio chake. Namba uliyohesabu ndiyo mahali ilipokuwa. Iandike kwenye daftari kabla ya kugusa kingine.

Nyati_wa_Kiamunyi

Imekoma baada ya kliki moja. Moja tu.

Fundi_wa_Kibuye

Nilikuwa nanusa hilo tangu ujumbe wa kwanza. Mwenye pikipiki wa zamani alifunga ribaundi karibu yote. Pengine naye alikuwa mzito, nyuma ikawa inamrudisha juu, akaona aifunge badala ya kubadilisha springi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu wa jambo lote.

Kompresheni ni breki ya shoki ikizama. Ribaundi ni breki ya shoki ikirudi. Barabara ya mabati ina tuta, bonde, tuta, bonde, pengine kumi kwa sekunde. Gurudumu likigonga tuta la kwanza, shoki inazama. Kabla ya tuta la pili inatakiwa irudi juu. Ribaundi ikifungwa inarudi nusu. Tuta la pili linaikuta nusu, linaizamisha zaidi. La tatu zaidi. Baada ya matuta ishirini pikipiki imejikunja, imekaa kwenye sehemu ya mwisho ya mwendo ambapo kila kitu ni kigumu, na wewe unasema "shoki ni ngumu" wakati imezama. Ukijibu kwa kulegeza kompresheni, inazama haraka zaidi. Ukijibu kwa kununua springi laini, ndiyo umekwisha.

Ikifunguliwa mno nayo ina dalili yake: unagonga tuta moja kubwa, nyuma inapaa na kukusukuma juu ya usukani. Huyo ndiye punda wa kweli. Wako ni ngamia aliyepiga magoti.

Rudisha ribaundi kwenye namba ya kitabu cha pikipiki. Huna kitabu, fungua mpaka katikati ya kliki zote zilizopo, anzia hapo. Badilisha kitu KIMOJA, kliki mbili kwa wakati, kipande kilekile cha barabara, kasi ileile. Ukigeuza vitu vitatu kwa siku moja, utarudi nyumbani umechoka na hujui kilichokusaidia.

Dada_wa_Riat

Mimi nina kipande changu cha kilomita mbili: mabati kidogo, mteremko wa mawe, kona moja ya udongo mwekundu. Naenda, narudi, nakaa chini ya mwembe, naandika. Wachunga mbuzi wa pale wananijua, wananiuliza "leo umegeuza nini?"

Na msiamini siku ya mvua. Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega ukilowa, hata mpangilio mbaya unaonekana mzuri kwa sababu kila mtu anaenda polepole.

Kwaheri_Lami

Naomba kuungama.

Baada ya kusoma hapa nilikwenda kupima KTM yangu. Nina kilo 68. Nyuma haibonyei vya kutosha, yaani springi aliyoweka mwenyewe wa kwanza ni ya mtu mkubwa. Miaka miwili nimekuwa nikisema "300 si ya watoto" kumbe inanitupa kwa sababu ya springi.

Cha pili kibaya zaidi. Foko zangu za WP XPLOR zina kitufe juu ya kila mguu. Nimekuwa nikivigeuza vyote viwili pamoja, kliki sawasawa, nikidhani ni kitu kimoja. Kumbe mguu wa kushoto ni kompresheni na wa kulia ni ribaundi. Kila nilipotaka foko iwe laini kwenye mawe ya Kerio, nilikuwa pia nafungua breki ya kurudi.

Mzee_XL

Kijana, njoo Molo nikuuzie XL.

Kwaheri_Lami

😂 Nimeyataka mwenyewe. Ila swali la kweli: asubuhi nikiteremka kutoka Iten foko ziko sawa, mchana nikipanda kurudi mbele inakuwa kama fimbo. Ni mimi ama ni foko?

Fundi_wa_Kibuye

Ni upepo. Bondeni kuna joto, foko imefanya kazi, hewa iliyonaswa ndani imepanuka. Ukipanda tena hadi Iten, mita 2,400, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo ile ya ndani inazidi kusukuma. Inua gurudumu la mbele, fungua zile skrubu ndogo za juu ya foko, utasikia "psss", zifunge. Hata mtu wa Kisumu anayepanda Timboroa afanye hivyo.

Lakini hiyo ni foko. SHOKI YA NYUMA USIIFUNGUE. Ndani kuna naitrojeni yenye presha ya karibu baa 10, ikikurushia kifuniko usoni hutasoma uzi huu tena. Na asikudanganye mtu kuijaza kwa kompresa ya tairi. Hewa ya kompresa ina unyevu, na presha yake hubadilika shoki ikipata moto.

Tope_la_Nyando

Na sili, zile raba zinazozuia mafuta ya foko yasitoke? Huku tope letu jeusi likikauka kwenye foko linakuwa saruji. Sili zangu zinalia mafuta kila masika.

Dada_wa_Riat

Kabla ya kubadilisha sili, kata kipande cha chupa ya plastiki, chembamba na laini kama kadi ya simu, kiwe na kijindoano. Shusha kifuniko cha vumbi, pitisha kipande kati ya sili na bomba, zungusha polepole. Mara nyingi ni chembe moja tu ya tope imekaa mdomoni. Ikiendelea kuvuja, ndipo ubadilishe. Na usikawie, mafuta yakifika kwenye pedi za breki utaongea lugha nyingine.

Nyati_wa_Kiamunyi

Wiki tano baadaye.

Springi imefika. Muuzaji aliandika ugumu wake kwa pauni kwa inchi nami nilikuwa na hesabu ya kilo kwa milimita, ikabidi nigawanye kwa 56, nilitoka jasho kuliko KCSE. Safari hii nilitumia spana yake ya ndoano, si nyundo.

Namba: ya mpanda 92, tupu 29.

Wakati wa kuitoa shoki tulikuta jambo jingine. Beringi za linki zilikuwa zimekauka, mbili zimeota kutu, moja haizunguki kabisa. Jamaa alikuwa anaioshea na mashine ya presha kila Jumapili. Fundi, hiyo peke yake ingeweza kufanya nyuma iwe ngumu?

Fundi_wa_Kibuye

Ingeweza, na hata vipimo vyako vya kwanza huenda vilisita kidogo kwa sababu yake. Beringi ikikwama, shoki inasubiri ruhusa ya kusogea. Grisi ya kuzuia maji, kila baada ya miezi sita, kila mvua ikiisha kama unapita tope. Wa Kisumu wanaooshea ufukweni Lwang'ni mnisikie pia. Na mashine ya presha msielekeze kwenye linki wala sili.

Ribaundi umeiacha wapi?

Nyati_wa_Kiamunyi

Kliki 11 kutoka kufungwa. Nilianza 13, ikawa na dalili za punda kwenye mteremko mmoja, nikafunga mbili. Kompresheni sijaigusa, kitu kimoja kwa wakati.

Jumamosi nimetoka nyumbani saa moja, nikapita Menengai, nikashuka Solai, nikatokea Subukia, chai, nikarudi Bahati. Ile barabara ya mabati sasa nikifika sitini hivi matuta yanapotea chini yangu, pikipiki inabaki juu, nasikia mlio tu. Mtaro wa "kang" nimeupita mara tatu makusudi. Kimya. Mkono wa kushoto ulichoka kidogo, lakini ni klachi.

Sasa kwa kuwa nyuma imetulia, naona mbele inazama sana nikishika breki. Haikuwa hivi.

Dada_wa_Riat

Ilikuwa hivi hivi. Nyuma ilikuwa imekaa chini, ikakuficha. Springi za mbele nazo ni za mtu wa kilo sabini. Tafuta tepu yako.

Nyati_wa_Kiamunyi

Mama watoto ameshaificha.

Boxer_Mumias

Wakuu, nilitoa ile mipira, nikaweka pete ngazi sawa pande zote. Nikaazima tepu kwa fundi cherehani, tukapima stejini, watu kumi wakisimamia. Bila mtu, 25. Na mimi, 40. Na mimi na abiria mmoja wa kawaida, 60. Na mimi na mama mmoja wa soko na ndizi zake, tepu haikuingia tena, madigadi ilikuwa imegusa tairi. Nimeandika yote. Fundi, ile ya mwisho inaitwa sagi gani?

Fundi_wa_Kibuye

Hiyo inaitwa kumlipisha mama nauli ya watu wawili.